Kubuni Mashine ya Kukimbilia Inayokunjwa: Mwongozo kwa Mafundi wa Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa kuchomelea, mwanafunzi wa ufundi, au mbunifu yeyote wa Tabora anayetaka kutengeneza mashine ya kutembea na kukimbia polepole, ambayo mtu wa kawaida ataitumia sebuleni na kuihifadhi chini ya kitanda akimaliza. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Wapo wengi mjini hapa ambao dakika hizo hawazipati barabarani: mama anayelea mtoto mchanga, mzee mwenye kisukari anayehofia pikipiki za jioni, binti asiyependa kutazamwa akikimbia, na karibu kila mtu mvua zinaposhika na njia za Isevya na Ng'ambo zikajaa tope. Mashine za dukani zipo, lakini nyingi zimebuniwa kwa nyumba zenye chumba cha mazoezi, na nyumba za namna hiyo kwetu ni chache.

Wengi wanaofikiria kazi hii huanza kwa kuuliza habari za mota. Naona huko ni kuanzia mwisho, kwa kuwa mota hununuliwa ikiwa tayari na hesabu zake ni nyepesi. Ugumu wote umo katika kukunja. Kila mahali unapoweka bawaba umeukata mwili wa mashine, na mkato huo unatakiwa ubebe mzigo kana kwamba chuma hakikukatwa kamwe. Kwa sababu hiyo nitakaa kwenye bawaba kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine.

Hatua ya 1: Pima nyumba kabla ya kuchora mashine

Chukua futikamba uingie katika nyumba ya mtu ambaye mashine itakuwa yake, au katika nyumba kadhaa zinazofanana na zake kama unakusudia kuuza. Pima upana wa mlango wa chumba, upana wa korido, nafasi inayobaki sebuleni baada ya makochi na meza, na uwazi uliopo chini ya kitanda kuanzia sakafuni hadi kwenye chaga. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda cha futi 5 kwa 6, sehemu pekee inayobaki wazi kwa kawaida ni ile ya chini ya kitanda, na upande wa futi 6 ni sawa na sentimita 183. Hapo unapata kipimo cha kwanza cha mashine yako: urefu wake usizidi sentimita 165, upana usizidi 60, na kimo chake ikiwa imekunjwa kisizidi 20.

Kisha mpime mtumiaji. Mtu wa kimo cha sentimita 170 akitembea kwa haraka hupiga hatua ya takriban sentimita 70. Ukiongeza urefu wa mguu wake, yaani sentimita 27 hivi, na akiba ya sentimita 25 kwa ajili ya kuyumba mbele na nyuma, unapata sehemu ya kukanyagia ya sentimita 122. Kwa upana, sentimita 42 zinatosha kutembea na kukimbia polepole. Mwanariadha anayetaka kukimbia kwa kasi anahitaji zaidi ya hapo, naye mashine hii haimfai; ni vyema aambiwe mapema, kwani mashine inayojaribu kumridhisha kila mtu itakuwa nzito na haitaingia chini ya kitanda cha yeyote.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kukunja

Kuna njia tatu zinazotumika. Ya kwanza ni kuuinua ubao wa kukanyagia usimame wima ukiegemea nguzo za mshikio. Hii ndiyo iliyozoeleka katika mashine kubwa za dukani, na huhitaji shokapu ya gesi inayofanana na ile ya buti la gari ili ubao usishuke kwa kishindo. Ya pili ni kuukunja ubao wenyewe katikati. Ya tatu ni kuuacha ubao ulivyo na kuzilaza nguzo za mshikio juu yake, mashine ikabaki bapa.

Ninapendekeza njia ya tatu bila kusita. Njia ya kwanza huacha kitu kirefu kilichosimama pembeni mwa chumba, na watoto hukiegemea. Njia ya pili huweka kiungo mahali hasa ambapo mguu unatua, na mkanda unaokunjwa kila siku katika mstari uleule huchoka mapema. Viwanda vyenye vifaa vya usahihi mkubwa vimeiweza, lakini katika karakana yetu ya kawaida ni kujitafutia matatizo. Njia ya tatu inaiacha sehemu inayobeba uzito wa mtu ikiwa nzima, na bawaba zinabaki mbili tu, moja kila upande kwenye shina la nguzo.

Hatua ya 3: Bawaba na kufuli ya nguzo

Fikiria mtu aliyechoka, ambaye mguu wake umeteleza kidogo, akaushika mshikio kwa mikono miwili na kujivuta kwa nguvu ya nyutoni 300, yaani karibu uzito wa kilo 30. Mshikio uko mita 1 juu ya bawaba, kwa hiyo nguvu ya kupindua inayofika chini ni nyutoni-mita 300, na kila upande unachukua nusu yake. Ikiwa bawaba ina pini ya mhimili na pini ya kufungia zilizoachana kwa sentimita 10, kila pini inavutwa kwa nyutoni 1,500. Zikiachana kwa sentimita 5, nguvu hiyo inapanda hadi 3,000. Bolti ya milimita 12 yenye alama 8.8 kichwani inaibeba nguvu hiyo bila shida. Kinachoshindwa ni tundu. Ukuta wa paipu ya milimita 1.5 unaposuguliwa na bolti kila siku, tundu lake hulegea na kuwa la mviringo uliovutika, na kuanzia hapo nguzo huanza kucheza.

Mchezo huo hukua kwa uwiano. Pini zikiachana kwa sentimita 10, ulegevu wa nusu milimita tunduni unaonekana kama milimita 5 kwenye mshikio, na mtumiaji anayehisi mshikio unatikisika hataiamini tena mashine, nayo imani yake ni sehemu ya usalama, kwa sababu mtu mwenye hofu hutembea vibaya. Kwa hiyo fanya yafuatayo. Kata bamba la chuma la milimita 5 kwa kila upande wa nguzo, ulichomelee kwenye fremu likiwa na umbo la herufi U, ili nguzo ikae katikati yake. Toboa mabamba yote mawili kwa pamoja yakiwa yamebanwa, kamwe usitoboe moja moja, maana hata fundi mwenye jicho kali hawezi kulinganisha matundu mawili kwa kukisia. Ndani ya nguzo, pitisha bushi ya chuma kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na uichomelee pande zote mbili, kisha ikwanguliwe kwa kipekecho cha milimita 12 baada ya kuchomelea, kwa sababu joto la moto huwa limeibana. Bolti sasa itazunguka ndani ya bushi ndefu badala ya kingo mbili nyembamba.

Pini ya kufungia iwe ya springi, inayoingia yenyewe nguzo inapofika wima na kutoa mlio unaosikika. Isimtegemee mtu kukumbuka kuisukuma. Paka rangi nyekundu sehemu ya pini ambayo huonekana tu pale isipoingia yote, ili yeyote anayepita aone kama nguzo haijafungwa. Ongeza swichi ndogo ya kubonyezwa ndani ya bamba, inayokata umeme wa mota hadi pini iingie mahali pake. Swichi hiyo ni ya bei ndogo, na inaondoa kabisa uwezekano wa mashine kuwashwa ikiwa imekunjwa, hali ambayo mtoto mtundu angeweza kuisababisha.

Angalia pia vidole. Nafasi kati ya nguzo na bamba, katika kila hatua ya kukunja, iwe ama chini ya milimita 5, ambapo kidole hakiingii, ama zaidi ya milimita 25, ambapo kidole kikiingia hakibanwi. Zungusha nguzo polepole huku ukipitisha vijiti vya vipimo hivyo viwili katika kila upenyo, na popote kijiti kinaponaswa, badilisha umbo la bamba.

Hatua ya 4: Fremu na ubao wa kukanyagia

Kwa fremu, skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 inafaa. Uzito wake ni takriban kilo 2.4 kwa mita. Pande mbili ndefu za mita 1.65 na vipande vinne vya kukatisha vya sentimita 52 vinafika karibu mita 5.4, kwa hiyo paipu moja ya mita 6 inatosha kwa fundi anayepima vyote kabla ya kukata chochote. Nguzo na mshikio zitengenezwe kwa paipu nyepesi zaidi ya milimita 25 kwa 25. Choma kwanza nukta ndogo katika kila kona, pima mishalo miwili kutoka kona hadi kona, na usimalize kuchomelea mpaka mishalo hiyo ilingane ndani ya milimita 2. Fremu iliyopinda kidogo itausukuma mkanda upande mmoja maisha yake yote, na hakuna marekebisho ya bolti yatakayouponya.

Kwa ubao, tunaishi katika mkoa wa mninga, na ni kawaida mtu kutamani kutumia mbao zetu. Mninga utumie kwenye mshikio, ambako mkono utaufurahia. Chini ya mkanda kinatakiwa kipande kimoja kisicho na kiungo, kwa sababu mahali mbao mbili zinapokutana mkanda hukwaruzwa hadi ukachanika. Kilicho bora ni marini bodi ya milimita 18, ile plaiwudi nyeusi yenye utando mgumu unaong'aa ambayo mafundi ujenzi huitumia kumwagia zege. Utando huo ni mgumu na unateleza, na ubao wa mashine za dukani nao hufunikwa kwa utando wa jamii hiyohiyo. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 ina sentimita 244 kwa 122. Ukiikata kwa upana unapata mbao nne za sentimita 122 kwa 52, na kinabaki kipande cha sentimita 36 hivi. Chagua karatasi mpya, kwani iliyokwisha kutumika kwenye zege huwa na mikwaruzo.

Kati ya ubao na fremu weka vipande vya raba vya milimita 10 kila ubao unapopita juu ya chuma cha fremu, jumla yake iwe sita hadi nane. Mafundi wanaoshona katambuga hukata raba ya tairi kwa ustadi mkubwa, na kuwapa kazi hii ni bora kuliko kuhangaika nayo mwenyewe kwa msumeno. Raba hiyo hupunguza mshtuko unaofika magotini, na hupunguza pia kelele kwa jirani wa chumba cha pili.

Hatua ya 5: Rola na mkanda

Rola mbili zitoke kwenye bomba la maji la chuma la inchi moja na nusu, ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 48. Mpelekee fundi wa kukereza aweke beringi namba 6202 kila ncha, akitumia bushi ya kuzibana, kwani beringi hizo zina kipenyo cha nje cha milimita 35 na shafti ya milimita 15, na hupatikana kwa wauza vipuri vya pikipiki. Sisitiza zilizozibwa pande zote mbili, maana vumbi la kiangazi cha Tabora halina simile. Mwombe pia akereze rola ya mbele iwe nene kidogo katikati kuliko kwenye ncha, kwa tofauti isiyozidi milimita 1. Mkanda hupenda kupanda kuelekea sehemu iliyo nene, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoushikilia katikati.

Mkanda wenyewe usibuniwe. Agiza mkanda halisi wa mashine za kukimbilia, wenye uso wa plastiki ya PVC juu na kitambaa cha poliesta chini. Raba ya mpira wa gari hunyumbuka na kushika ubao. Ukiweka rola zikiwa zimeachana kwa milimita 1,350 kutoka katikati hadi katikati, urefu wa mkanda wote ni mara mbili ya hiyo kuongeza mzingo wa rola moja, yaani takriban milimita 2,851. Rola ya nyuma ikae kwenye bolti mbili za milimita 8 zinazoivuta nyuma, ili pawepo akiba ya kukaza.

Mkanda uliokazwa vizuri unaweza kuinuliwa kwa vidole katikati ya ubao kwa sentimita 5 hadi 8. Ukikimbilia kushoto, kaza bolti ya kushoto kwa robo mzunguko, subiri dakika moja mashine ikiwa inazunguka taratibu, kisha utazame tena. Kabla ya matumizi ya kwanza, pakaa mafuta ya silikoni kati ya mkanda na ubao. Oili ya injini na mafuta ya kupikia hayafai hata kwa dharura, kwa kuwa huuharibu mkanda.

Hatua ya 6: Mota, na umeme unaokatika

Mtu wa kilo 80 anaukandamiza ubao kwa wastani wa nyutoni 785. Ubao uliopakwa silikoni hukataa kuteleza kwa karibu moja ya tano ya nguvu hiyo, yaani nyutoni 157, na kuuvuta mkanda kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa, ambayo ni mita 1.67 kwa sekunde, kunahitaji wati 262. Ukihesabu na kinachopotea kwenye mota, beringi na mkanda wa puli, chukua wati 400. Ubao ukikauka, msuguano unaweza kuongezeka maradufu na mahitaji yakafuata. Ndiyo maana mota nyingi huungua kwa kukosa silikoni ya kijiko kimoja. Mota ya nguvu farasi 1, sawa na wati 746, inatosha, mradi hicho kiwe kipimo cha kazi ya mfululizo, kwani wauzaji wengine huandika nguvu ambayo mota huifikia kwa sekunde chache tu. Mota ya mizunguko 2,700 kwa dakika ikipunguzwa mara 3 kwa puli inaipa rola mizunguko 900, na mkanda unafika kilomita 8 kwa saa na ushei. Hapo ndipo kasi iwekewe kikomo. Kwa matumizi ya dakika 150 kwa wiki, umeme unaotumika ni uniti 1 ya LUKU.

Wapo watakaopenda mashine isiyo na mota. Inawezekana, ila kwa msuguano huo ubao lazima uinuliwe mbele kwa nyuzi 11, karibu sentimita 24 katika urefu wetu, la sivyo mtu aukamate mshikio na kuusukuma mkanda kwa miguu. Hiyo ni kazi ya kupanda mlima, na mzee mwenye kisukari hataidumu.

Jambo la lazima kwetu ni mashine kutojiwasha. Umeme ukikatika mtu akiwa juu ya mkanda, mkanda utapungua na kusimama. Ukirudi baada ya dakika tano, mashine ibaki imesimama hadi mtu abonyeze kitufe upya, na ianze kwa kasi isiyozidi kilomita 1 kwa saa. Hakikisha kidhibiti cha mota unachonunua kina tabia hiyo kwa kukijaribu kwenye soketi kabla ya kulipa. Kazi ya waya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, kwa umeme wa volti 230, na waya wa erthi uungwe kwenye chuma cha fremu mahali palipokwanguliwa rangi.

Hatua ya 7: Watoto na nyuma ya mashine

Mwezi Mei 2021, kampuni ya Peloton ya Marekani iliondoa sokoni mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000 baada ya kifo cha mtoto na taarifa nyingi za watoto, wanyama na vitu kuvutwa chini ya sehemu ya nyuma ya mashine. Kila mbunifu anapaswa kulifahamu tukio hilo, kwa sababu hatari yake haitoki kwenye kasoro ya kiwanda kimoja. Mkanda wowote unaoingia chini kwa nyuma huvuta kinachougusa. Weka bamba la kuziba nyuma ya rola ya mwisho, likaribie mkanda kwa chini ya milimita 5 na kushuka hadi karibu na sakafu. Weka ufunguo wa sumaku wenye kamba inayobanwa kwenye nguo ya mtumiaji, ambao ukichomoka mota inakatika, na ambao mwenye nyumba ataufungia kabatini. Mtumiaji aelekezwe kuacha mita 2 wazi nyuma ya mashine, pasiwe na ukuta wala meza ya kioo.

Hatua ya 8: Uzito na magurudumu

Jumlisha uzito wa kila kipande kwenye karatasi kabla ya kuchomelea. Kwa vipimo nilivyovitaja, mashine yote inafika karibu kilo 38. Magurudumu mawili yawekwe mbele, chini ya mota, ili anayeinua nyuma abebe kilo 17 tu, ambayo ni chini ya uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji.

Hatua ya 9: Jaribu kabla mtu hajapanda

Panga mifuko 8 ya saruji ya kilo 50 juu ya ubao, mara nne ya uzito wa mtu wa kilo 100, uiache usiku mzima. Asubuhi iondoe na upime kama fremu imerudi mahali pake. Kisha uvute mshikio kwa mizani ya kuning'iniza hadi kilo 30, kwenda mbele, nyuma na pembeni, ukiangalia ulegevu kwenye bawaba. Kunja na kukunjua nguzo mara mia kadhaa, urudie kipimo hicho. Ulegevu ukizidi milimita 5 kwenye mshikio, bushi zibadilishwe. Mwisho, iendeshe bila mtu kwa saa nzima, na uguse beringi kila baada ya dakika 15. Beringi ambayo mkono hauwezi kuivumilia imebanwa vibaya.

Hatua ya 10: Kabla ya kuuza

Ofisi ya SIDO ya mkoa na chuo cha VETA ni mahali pa kupata ushauri wa karakana na mashine za kukereza kwa asiye nazo. Viwango vya usalama vya bidhaa husimamiwa na TBS, na kwa mashine za kukimbilia kiwango cha kimataifa cha kusomwa ni ISO 20957, sehemu ya 6. Ikiwa umebuni kufuli au bawaba ambayo haijawahi kuonekana, wasilisha maombi ya hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wako, BRELA kabla hujarusha video yake mtandaoni, kwani ubunifu uliokwisha kutangazwa hadharani unaweza kukataliwa kwa kukosa upya. Na kila mashine itoke na kibandiko cha Kiswahili kilichogandishwa kwenye kifuniko cha mota, kikitaja uzito wa juu wa mtumiaji, aina ya mafuta, nafasi ya mita 2 nyuma, na namba ya simu ya fundi aliyeitengeneza.